Injini Iliyolia Njaa

Mkwe wangu alipotangaza mezani kwamba mafundi wote ni wababaishaji, na kwamba kuanzia siku hiyo gari la mke wake atalirekebisha mwenyewe kwa kompyuta, nilimshukuru Mungu. Nilikuwa nimeanza kuogopa kwamba mwezi ule tungepumzika.

Huyu mkwe wangu ni karani wa masjala. Kazi yake ni kupanga mafaili kabatini na kuyatoa yakihitajika, na anaifanya vizuri, sina la kusema. Mtaani wanamwita Profesa, kwa sababu hawezi kukuomba chumvi bila kutia neno "kisayansi". Binti yangu, mkewe, ni mkunga. Yeye hana jina la utani. Wanaomwita huwa wana uchungu, hawana nafasi ya utani.

Gari lenyewe ni dogo, la kijivu, lina umri wa mtu wa kuoa. Injini yake ya kwanza ilikufa kifo cha uzee. Fundi wetu wa gereji, mzee wanayemwita Spana, akatutafutia nyingine, kubwa zaidi, iliyotoka kwenye gari la aina nyingine. Injini ikaingia, lakini kompyuta ya zamani haikupatana nayo. Ilizoea injini ndogo, ikawa inampimia mtu mzima uji wa mtoto. Mzee Spana akatueleza taratibu kwamba itafungwa kompyuta nyingine, ya kufundishwa. Unaiambia wewe mwenyewe, kwa kila mwendo na kila mzigo, itie petroli kiasi gani. Akasema yuko fundi mjini wa kazi hiyo tu, na siku moja anamaliza.

"Siku moja!" Profesa akacheka. "Kitu cha siku moja kwa mtu mwingine, kinishinde mimi?"

Na kweli, siku hiyo moja hakikumshinda. Kilimshinda wiki tatu.

Wiki zenyewe hazikuwa za kuchezea. Binti yangu alikuwa amepewa zahanati ya juu mlimani aisimamie mwenyewe, nafasi aliyoingoja miaka sita. Mkunga wa zamani alikuwa anastaafu. Angemkabidhi funguo Jumatatu ya kwanza ya mwezi, saa moja asubuhi, halafu apande lori la kuhamisha vyombo vyake aondoke. Barua ilisema wazi: asipofika wa kupokea, nafasi inakwenda kwa anayefuata kwenye orodha. Na mlimani hapapandi basi kabla ya saa tatu. Kwa hiyo bila gari hakuna funguo, na bila funguo hakuna zahanati.

"Mume wangu," binti yangu akamwambia, "mlete yule fundi wa mjini."

"Mke wangu, nipe nafasi niitumie akili yangu."

"Itumie. Lakini itumie kwenye gari la mtu mwingine."

Hakusikia. Alikuwa tayari ameangalia mafunzo thelathini na moja kwenye simu, yote ya jamaa mmoja mwenye glavu nyeusi ambaye hachafuki. Akanunua waya wa kuunganisha laptopu na gari. Akanunua sensa, kile kifaa cha kunusa moshi. Bomba la ekzosi likapelekwa kwa Mzee Spana, likatobolewa tundu na kuchomelewa nati ya kushika hiyo sensa. Kulirudisha bomba mahali pake Profesa akakataa kusaidiwa. Akasema kufunga bolti nne si kazi ya kuita watu.

Jioni akatusomea sheria ya kwanza ya ufundi huo: "Badilisha kitu kimoja, pima, andika, ndipo ubadilishe kingine."

Sheria hiyo niliipenda sana. Nikajua aliyeitunga aliwahi kulea watoto. Profesa naye aliipenda, akaifuata asubuhi nzima ya Jumamosi ya kwanza.

Ikabaki shida moja. Mtu hawezi kuendesha gari na kusoma laptopu kwa wakati mmoja, labda kama amechoka kuishi. Lazima awepo wa pembeni wa kusoma namba. Mkewe akasema ana zamu. Siku ambayo hakuwa na zamu, akasema ana usingizi. Nikabaki mimi.

"Mama," akaniambia kwa heshima zote, "wewe utakuwa mkusanyaji wa takwimu."

Nikamwambia nashukuru kwa cheo. Shuleni nilifika darasa la tatu, lakini namba nilizifahamu kabla sijaondoka, na tangu hapo hazijabadilika. Nikachukua daftari la mjukuu wangu lililobaki kurasa nyingi, na penseli, maana kalamu ya wino kwenye gari linalorukaruka ni uchokozi. Nikafunga mkanda, nikawekewa laptopu mapajani kama mtoto wa jirani.

Somo lilikuwa hivi. Kwenye kioo cha laptopu kuna namba inayocheza. Kumi na nne na ushei, injini ni nzima. Namba ikipanda, petroli ni chache, injini ina njaa. Namba ikishuka, petroli ni nyingi, injini imevimbiwa. Chini yake kuna jedwali kama la kuzidisha, safu na safu za vijumba, na kila kijumba ni petroli ya mwendo fulani. Mtu aliyepika kwenye jiko la mafuta ya taa hahitaji glavu nyeusi kuelewa.

Tukawa tunakwenda barabara ya nyuma ya viwanda, iliyonyooka, ambako kuna karakana ya seremala wa milango na hakuna magari mengi.

"Soma, Mama!"

"Kumi na saba."

"Nukta?"

"Nukta mbili."

"Ina njaa hiyo! Andika: safu ya pili, ongeza tatu."

Anaegesha pembeni, anaongeza, tunaondoka. Tukisimama, namba inapanda tena.

"Kumi na saba nukta tano."

"Bado ina njaa! Safu ya kwanza na ya pili, ongeza nne. Na ya tatu, ongeza mbili. Halafu tugeuze na ule muda wa cheche ya kuwasha petroli."

"Si ulisema kitu kimoja kimoja?"

"Mama, ile sheria ni ya wanaoanza."

Hiyo ilikuwa Jumamosi ya pili. Kwa hesabu yangu alikuwa na saa tisa za kazi. Nikaandika. Kila alichokisema nilikiandika, hata pale aliponiambia nisiandike, kwa sababu sikujua kipi ni cha maana na kipi ni kelele, na nilishuku naye hajui.

Kadiri tulivyoilisha injini ndivyo ilivyozidi kuumwa. Ikaanza kukohoa tukiwa tumesimama. Ikaanza kuzimika kwenye makutano, ambapo watu wa nyuma yetu walituombea kwa honi. Moshi ukawa mweusi. Nguo nilizozianika uani zikawa zinanuka petroli, na mimi pia. Seremala akatoka karakanani na randa mkononi, akatutazama tukipita.

"Bibi! Mnachoma nini humo ndani?"

"Sayansi, mwanangu!" nikamjibu.

Profesa hakucheka. Akasema injini inajifunza, na kila anayejifunza hukosea. Nikasema ni kweli, ila wengine wakikosea hawatoi moshi.

Alhamisi ya wiki ya tatu, Mzee Spana akapita nyumbani kutusalimia. Akafungua plagi moja ya injini, akaiinua juani, akaipulizia.

"Profesa, hii nyeusi kama kitako cha sufuria. Petroli imezidi."

"Shikamoo mzee, lakini sensa inasema petroli ni chache."

"Marahaba. Na pua yako inasemaje?"

"Pua si chombo cha kisayansi."

"Sawa," akasema mzee, akairudisha plagi. "Basi ishike hiyo sensa, siku ukizama ikuvute." Akaniaga mimi vizuri; Profesa akapewa mkono tu.

Jambo ambalo Profesa hakulipenda lilikuja Ijumaa. Binti yangu alirudi kutoka zamu, akachukua ufunguo wa gari bila kuongea na mtu, akalipeleka mwanzo wa kilima kulijaribu. Akarudi kwa miguu. Gari lilipanda hatua ishirini, likatapika moshi, likazimika, na wapita njia wakamsaidia kulisukuma pembeni.

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Aliketi, akavua viatu, akasema, "Kesho kutwa jioni gari lisipopanda kilima, naandika barua ya kuikataa nafasi. Sitaki mama wa watu akeshe huko juu akiningoja na funguo. Wampe aliye na miguu."

"Lakini tumebakiza kidogo sana," Profesa akasema.

"Mimi sijabakiza chochote," mkewe akamjibu, akaingia ndani kulala.

Fundi wa mjini alipopigiwa simu, akasema ana magari mpaka wiki ijayo. Bila shaka, wababaishaji huwa na kazi nyingi.

Jumamosi asubuhi nikakaa uani na daftari. Maandishi niliyoandika kwenye matuta yalikuwa yanapanda na kushuka kama siafu, nikaona niyanakili vizuri, upande mmoja namba za gari likiwa limesimama au linatambaa, upande wa pili namba za likikimbia na mguu umekandamizwa. Sikuwa na nia yoyote. Nilitaka tu kukitazama kitu kilichonikalisha kwenye moshi wiki tatu.

Nikamaliza kurasa nne, nikaacha penseli. Upande wa kusimama ulikuwa kumi na saba, kumi na saba, kumi na nane. Upande wa kukimbia ulikuwa kumi na mbili, kumi na moja, kumi. Ukurasa baada ya ukurasa.

Nimelea watoto watano na wajukuu sijui wangapi. Mtoto mwenye njaa hulia amelala na hulia akicheza, na akikimbia ndiyo huanguka kabisa. Mtoto anayelia njaa akiwa amelala, halafu akikimbia anacheua, huyo hana njaa. Huyo kuna mtu anayemsingizia.

Sasa, mkwe ni mkwe. Kuna namna ya kumwambia mtu uliyempa binti yako kwamba amekosea, na namna hiyo ni kutomwambia. Nikamwita aje anifundishe.

Alikuja macho mekundu, laptopu kwapani.

"Mwanangu, nieleweshe mimi mzee. Hiyo sensa inajuaje kwamba petroli ni chache? Inaionja?"

"Hapana, Mama." Akafurahi kuulizwa, akaketi. "Inanusa hewa. Petroli ikiwa chache, hewa inabaki bila kuungua, inatoka na moshi. Sensa ikinusa hewa nyingi, inasema njaa."

"Kumbe petroli yenyewe haiijui kabisa."

"Haiijui. Inajua hewa tu."

"Na hewa ikiingilia njia nyingine?"

"Iingilie wapi? Bomba limefungwa."

"Limefungwa na nani?"

Akaitazama mikono yake. Nikageuza daftari, nikamwekea mbele zile safu mbili, nikaanza kutafuta miwani yangu ambayo ilikuwa kichwani. Nilimpa muda. Mtu akitaka kuanguka kutoka kwenye mti wake mwenyewe, usitikise; utaambiwa ni wewe.

"Likisimama…" akasema polepole, "moshi hauna nguvu. Unapumuapumua. Penye ufa, hewa ya nje inanyonywa ndani. Na likikimbia…"

"Likikimbia?"

"Moshi unakuwa mwingi. Ile hewa inafunikwa." Akaniangalia kama mtu aliyeona mgeni chumbani kwake. "Mama, kwenye maungio ya bomba kuna gasketi, ile pete ya kuziba. Ile ya zamani niliirudisha. Niliiona bado nzuri."

"Kisayansi?" nikamuuliza.

Alikuwa ameshainuka kuliendea gari. Nadhani hakunisikia.

Nikaenda kukoroga sabuni ya kufulia kwenye kopo, maana kama kitu kinavuja, povu litasema. Gari lilikuwa limevutwa mpaka nyumbani, injini imepoa. Akaliwasha, likakohoa, nikaziba mdomo wa ekzosi kwa kitambaa kilicholowa nikikishikilia kwa fimbo ya ufagio, naye akalala chini na kopo. Akapaka povu kwenye yale maungio, yaliyo hatua moja tu kabla ya sensa.

"Unaona nini?"

Miguu yake tu ndiyo ilikuwa inaonekana.

"Mwanangu, mikono inaniuma. Unaona nini?"

"Linachemka," sauti ikatoka chini ya gari. "Mapovu makubwa kama mayai, Mama."

Basi kumbe kwa wiki tatu tulikuwa tunailisha injini iliyoshiba kwa sababu bomba lina ufa. Mzee Spana akaleta gasketi mpya, akaikaza yeye mwenyewe, hakusema neno, na kule kutosema kwake kulisikika mpaka nyumba ya tatu.

Tukadhani tumemaliza. Ule ufa ukazibwa, lakini petroli yote tuliyoiongeza ilikuwa bado imo kwenye jedwali. Gari likawaka dakika moja, likajaa petroli, likazimika.

"Sasa rudisha lile faili la mwanzo, kabla hujaligusa," nikamwambia. Karani wa masjala, nikajua hapo tuko salama. Kama kuna mtu duniani anayejua kutunza faili, ni huyu.

Akajikuna shingo. "Mama, nilikuwa nahifadhi kwa jina lile lile. Kila mara. Ili tusichanganye."

"Kwa hiyo jipya linakaa juu ya la zamani."

"Ndiyo."

"La zamani linakwenda wapi?"

"Haliendi popote. Linakufa."

Mtu ambaye ofisini akipoteza karatasi moja hapati usingizi! Binti yangu alikuwa mlangoni, amesikia yote. Akafungua mkoba wake, akatoa karatasi na kalamu ya kuandikia barua, akaviweka juu ya meza. Hakuandika. Aliviweka tu, pale tunapoviona.

Nikafungua daftari, ukurasa wa mwisho.

"Jumatano, jioni," nikasoma. "Safu ya kwanza, uliongeza tano. Toa tano."

Profesa akainua kichwa. "Uliandika hiyo?"

"Toa tano, mwanangu."

Tukarudi kinyumenyume, kutoka Jumatano kwenda Jumanne, kutoka Jumanne kwenda Jumatatu, kila alichoongeza anatoa, kila alichogeuza anageuza. Ilikuwa kama kufumua sweta lililofumwa na mlevi. Mara kwa mara alijaribu kuokoa kitu.

"Hii moja tuiache, Mama. Hii ilikuwa nzuri."

"Toa."

"Lakini hapa gari liliitika, nakumbuka kabisa…"

"Hapa nimeandika 'limezimika mbele ya seremala'. Toa."

Tulianza Jumamosi adhuhuri. Jumapili baada ya ibada tulikuwa tumebakiza kurasa tatu. Binti yangu alipita na kikombe cha chai, akampa mumewe, akampa na mkono begani kidogo, akaenda. Nikajifanya nasoma. Saa saba mchana tukafika ukurasa wa kwanza, ambapo nilikuwa nimeandika tarehe kwa mwandiko mzuri wa mtu asiyejua yanayomngoja.

Profesa akawasha. Injini ikanguruma, ikatulia. Namba ikacheza, ikakaa.

"Soma, Mama."

"Kumi na tano."

"Nukta?"

"Hamna nukta."

Hakuruka. Akaongeza moja, safu moja, akasubiri, akapima, akaandika mwenyewe. Kisha moja nyingine. Nilikaa pale saa mbili nikimtazama akifanya kitu kimoja kimoja, na kwa mara ya kwanza tangu aposwe binti yangu, hakunieleza lolote.

Saa kumi tukapeleka gari kilimani. Binti yangu aliendesha, mimi pembeni, Profesa nyuma na laptopu. Hatua ishirini zikapita. Kona ya kwanza ikapita. Kwenye kona ya pili gari likasita, binti yangu akabadili gia, na nyuma nikasikia mwanamume anasali. Likavuta. Tukatokea juu, penye lile jengo la zahanati lenye mlango wa bluu, mkunga mzee anafunga magodoro kwa kamba. Akatupungia mkono bila kutujua.

Tulipokuwa tunashuka, tukasimama kwa Mzee Spana. Profesa akatoka, kifua mbele.

"Mzee, niligundua uvujaji kwenye maungio. Unajua, uwiano ulikuwa haulingani kati ya mzigo mdogo na mzigo mkubwa, ndipo nikashuku hewa ya nje."

"Hongera sana," akasema mzee, akanitazama mimi. Mimi nilikuwa natazama ndala zangu. Ni ndala nzuri, sikuwahi kuziangalia vizuri.

Binti yangu akafungua mdomo. Nikamkanyaga.

Jumatatu aliondoka kulipopambazuka. Profesa na mimi tukakaa barazani, simu yangu katikati yetu juu ya kigoda. Alikuwa amevaa shati la kazini, amelifunga vifungo vibaya. Kila gari lililokohoa mbali, aliinuka. Saa moja kasoro dakika kumi simu ikalia.

"Mama, nimefika. Funguo ninazo."

"Amefika," nikamwambia mkwe wangu.

"Muulize, kona ya pili ilisoma ngapi?"

"Mumeo anauliza, kona ya pili ilisoma ngapi?"

"Mwambie nilikuwa naangalia barabara. Mama, nakata, kuna mtu mlangoni ameshika kiuno."

Ikakatika. Profesa aliendelea kuitazama ile simu.

"Kwa hiyo hatujui kwenye kona ilifanyaje," akasema.

"Hatujui."

"Labda ilisita."

"Labda."

Akainuka, akatafuta mkoba wake. Gari likiwa mlimani, ilimbidi atembee kwa miguu mpaka kituo cha basi, na alikuwa ameshachelewa. Alifika kwenye geti, akasimama, akarudi hatua mbili.

"Mama. Limepanda lakini."

"Limepanda, mwanangu," nikamwambia. "Sasa rekebisha hivyo vifungo, uende."